Historia ya TANU Usukumani: mwalimu aipate wapi mtandaoni?

Wanafunzi wengi wa Simiyu wanajua TANU ilizaliwa Dar es Salaam, 7 Julai 1954. Wachache wanajua kwamba mwishoni mwa mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilikataa kusajili matawi yake Usukumani. Zuio hilo lilidumu hadi 1958.

Yaani chama kinakua kwingine, huku kwetu siasa ikapitia zaidi kwenye ushirika wa wakulima wa pamba. Paul Bomani, kiongozi wa ushirika huo Kanda ya Ziwa, baadaye alikuwa Waziri wa Fedha.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa lipo kwenye mtaala mpya. Kama shule yako haina maktaba, simu moja ya mwalimu inatosha kuanzia.

Pa kutafuta

1. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Ina vitabu vya kiada. Gharama yako ni bando tu.

2. Maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa umoja huo, ndiyo maana ripoti zake ni nyingi. Ujumbe uliokuja 1954 ulisema nchi inaweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Ikachukua 7.

3. Hansard ya Bunge la Uingereza. Humo kuna mjadala wa muswada wa uhuru wa Tanganyika, 1961.

Namna ya kufundishia

Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo pakua faili mapema ukiwa sehemu yenye mtandao mzuri. Nyaraka nyingi ni za Kiingereza. Chagua aya moja, itafsiri, iandike ubaoni.

Kisha uliza: nani kaandika? Lini? Alikuwa anamwandikia nani? Kaacha nini?

Swali la mwisho ndilo zito. Ripoti ya ofisa wa kikoloni haiwezi kusimulia zuio kama alivyoliona mkulima wa Maswa, wilaya ambayo enzi hizo ilibeba pia Bariadi.

Hapo watume wanafunzi kwa wazee. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1958 sasa amevuka 80, na simulizi yake haipo mtandaoni. Waandike jina la kijiji na tarehe ya mazungumzo, halafu walinganishe na nyaraka darasani.

Ripoti zitaendelea kuwepo. Wazee hawatusubiri.