Moto Bila Jivu

Wazee husema moto huzaa jivu. Kwa kawaida methali hiyo huwalenga watoto walioshindwa kufanana na wazazi wao, lakini sisi chamani tuliichukua kama ilivyo. Ilikuwa jioni ya mgao wa umeme, tumekaa gizani tukibishana: joto la ule “muunganiko baridi” lilikuwa la kinyuklia au la kikemia? Kwa sisi tuliokulia kwenye mgao, ahadi ya nishati rahisi si jambo la kupuuza.

Tuanzie nyumbani. Juu ya kilima cha Observatory, hapa Johannesburg, Robert Innes alilinganisha picha za anga zilizopigwa miaka tofauti, na mwaka 1915 akatangaza nyota hafifu iitwayo leo Proxima Centauri. Ukiacha Jua, ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote. Innes aliona imesogea; lakini nyota huwaka kwa kuni gani? Wakati ule hakuna aliyejua.

Hesabu ilikuwa imeshaikataa kemia. Jua lingekuwa rundo la makaa ya mawe, lingeisha kwa miaka elfu chache. Kelvin na Helmholtz walisema Jua hupata joto kwa kusinyaa, lakini hilo lilitoa miaka milioni makumi tu, nayo haikuwatosha wanajiolojia. Mwaka 1920 vipimo vya Aston vilionyesha kwamba heliamu moja ni nyepesi kidogo kuliko haidrojeni nne. Eddington akasema upungufu huo, usiofika asilimia 1, ndio unaogeuka nishati. Mwaka 1939 Bethe akaeleza hatua zake. Jivu la moto huo ni heliamu na chembe za nyutrino, ambazo wanasayansi wa Marekani walianza kuzinasa mgodini miaka ya 1960.

Tarehe 23 Machi 1989, katika Chuo Kikuu cha Utah, wanakemia Martin Fleischmann na Stanley Pons walitangaza kwamba chombo chao cha maji mazito na paladiamu, umeme ukipita ndani yake, kilitoa joto kuliko umeme ulioingia. Hoja yao ilifanana na ile ya Jua: joto limezidi mno, kemia haiwezi kulitoa.

Nusu yetu waliikubali. Nusu nyingine waliuliza: jivu liko wapi? Wati 1 ya muunganiko wa kawaida wa haidrojeni nzito ingemwaga nyutroni karibu bilioni 1,000 kila sekunde. Aliyesimama kando ya chombo asingepona, nao walikuwa wazima. Wakosoaji walitaja sababu za kawaida: maji yasiyokorogeka vizuri, au haidrojeni na oksijeni kuungana tena ndani ya chombo. Watetezi walijibu kwamba huenda ni mmenyuko mpya, unaoacha heliamu bila nyutroni. Lakini heliamu imo hata hewani, na kidogo tu hupenya. Novemba 1989 jopo la Wizara ya Nishati ya Marekani lilisema ushahidi haushawishi. Mwaka 2019 timu iliyofadhiliwa na Google iliripoti kwamba ilirudia majaribio, isipate kitu.

Tulichojifunza ni hiki: kuikataa kemia hakutoshi kuthibitisha nyuklia. Kwa Jua, hesabu ilifungua mlango tu. Waliokuja na mizani na jivu ndio waliomaliza kesi.

Mwenzetu mmoja, ambaye mama yake huchoma mahindi Yeoville, alifunga mjadala: “Ukisema umewasha moto, nionyeshe jiko.” Umeme ukarudi.