Msaragambo wa Kiangazi

Wenzetu wa milima ya Upare wana neno ambalo Kiswahili kimelipokea kwa furaha: msaragambo. Zamani, mvua zilipokatika, mbiu ililia, nao wanakijiji wakatoka na majembe kuzibua mifereji, kutengeneza ndiva, yaani malambo ya kuhifadhia maji, na kufyeka njia za wote. Aliyekwepa alitozwa faini. Wala tusidhani kwamba wazee wetu walitegemea moyo mwema peke yake. Lakini faini hiyo ilitozwa na majirani waliokunywa maji ya mfereji ule ule.

Hapo ndipo wakoloni walipokosea. Huko Uluguru waliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwa amri ya serikali, na mwaka 1955 watu wakayakataa kwa ghasia.

Tanganyika ilipojipatia uhuru mwaka 1961, wito ukawa “Uhuru na Kazi”. Vijijini, barabara, zahanati na madarasa vilijengwa kwa mikono ya wenyeji. Hata hivyo, agizo lilipoteremka kutoka juu bila kikao cha kijiji, msaragambo ulidhoofu. Kiwanja cha shule kikaota magugu, na wenyeji wakapita kando wakisema kuwa hiyo ni kazi ya serikali.