Kihamba na Faraidhi: Mirathi ya Waislamu wa Uchagani

Mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipopanda Uchagani, kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, Mswahili wa pwani. Kwa njia za biashara kama hiyo Uislamu nao ulifika mlimani, na leo Waislamu wamo Moshi mjini na katika vihamba vya Machame pia. Hapo ndipo sheria mbili za mirathi zilipokutana.

Kihamba ni shamba la ukoo, lenye migomba na mibuni. Kwa mila hurithiwa na wana wa kiume, na kitinda mimba hubaki katika nyumba ya baba. Faraidhi huhesabu mafungu: mume akiacha watoto, mjane hupata thumuni, na binti hupata nusu ya fungu la nduguye wa kiume.

Zama za Waingereza, mashauri ya desturi yaliamuliwa katika mabaraza ya Wamangi, na sheria ya Kiingereza, iliyopokelewa tangu tarehe 22 Julai 1920, ilitumika katika mahakama za serikali. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliweka ngazi moja ya mahakama kwa watu wote, lakini sheria zenyewe hazikuunganishwa. Mwaka huo huo mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba zilitangazwa kwa maandishi, binti akawekwa daraja la tatu katika urithi. Sheria ya Kiislamu nayo ilikubaliwa katika ndoa, talaka, mirathi na wakfu kwa jamii ziifuatayo.

Zanzibar ina mahakama za kadhi kwa sheria ya mwaka 2017. Tanzania Bara haina kadhi mwenye mamlaka ya dola. Hivyo hakimu wa Moshi hana budi kuuliza kwanza: marehemu aliishi kwa sheria gani? Jina la Kiislamu pekee halitoshi. Hutazamwa mwenendo wa maisha yake, nia yake na maneno aliyoyaacha. Maana mtu aweza kuswali sala tano na bado akawagawia wanawe kihamba kwa desturi ya babu zake.

Swali hilo ni zito kwa binti kuliko kwa mwingine yeyote. Jawabu moja humpa fungu linalojulikana kwa hesabu. Jawabu la pili humweka nyuma ya ndugu zake wote wa kiume.