Mzoga Kati ya Meli Mbili

Mwaka 1925 meli ya Norway iitwayo Lancing ilielekea kusini ikiwa na mteremko tezini wa kukokotea nyangumi hadi sitahani. Wawindaji hawakuhitaji tena bandari. Walichuna na kuchemsha mafuta huko huko baharini.

Tatizo likawa kuyahamisha. Meli ya kubeba mafuta ililazimika kulala ubavu kwa ubavu na meli-kiwanda katika maji ya Antaktiki yasiyotulia. Vifungu vya kamba vya kukinga ubavu, vilivyotosha gatini, vingesagwa huko. Dawa ilikuwa inaelea pembeni: nyangumi aliyeuawa alikuwa akijazwa hewa ili asizame, basi mabaharia wakamfunga kwa mnyororo na kumweka katikati. Meli zikimbana, anabonyea, zikiachana, anafutuka. Uvundo wake hauhitaji msimulizi.

Mwaka 1958 kampuni ya Kijapani ya Yokohama Rubber ikatengeneza mzoga wa mpira, ukipenda kuuita hivyo: puto nene linaloelea. Makubwa yake leo yana kipenyo cha mita 4.5 na urefu wa mita 9, na mengi huvikwa wavu wa minyororo na matairi. Ndani mna hewa ya kilopaskali 50 au 80 tu, pungufu kuliko tairi la gari dogo.

Maputo hupangwa pale ubavu wa meli uliponyooka, si penye mpindo wa tezi na omo. Kwa kawaida huning'inizwa kwenye meli inayoisogelea nyingine, kabla ya kukaribiana, ili nahodha wake ajue yatagusa wapi.