Kutoka Hamira hadi Jeraha: Historia Fupi ya Hidrojeli za Peptidi

Majina ya vitu hutunza mara nyingi historia ambayo watumiaji wake wamekwisha kuisahau. Ndivyo ilivyo kwa hidrojeli za peptidi, yaani ute mzito utokanao na minyororo mifupi ya asidi amino inayojipanga yenyewe ndani ya maji. Leo madaktari huutumia ute huu kuzuia damu. Lakini haukuzaliwa hospitalini, wala hakuna aliyeutafuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Shuguang Zhang, mtafiti mzaliwa wa China, alikuwa Marekani, katika maabara ya Alexander Rich kwenye chuo cha MIT. Rich na wenzake walikuwa wameonyesha, mwaka 1979, umbo la DNA linalojisokota kuelekea kushoto. Zhang alitafuta katika hamira protini ishikamanayo na umbo hilo. Aliyoipata ikaitwa zuotini, kutokana na neno la Kichina zuo, maana yake «kushoto». Habari zake zilichapishwa mwaka 1992.

Ndani ya zuotini mlikuwa na kipande cha ajabu: asidi amino 16 zilizofuata utaratibu wa kujirudia. Zhang alikitengeneza peke yake, akakitia katika chombo cha kukuzia seli ili ajue kama ni sumu. Chini ya hadubini ukaonekana utando usiotarajiwa. Mwingine angeumwaga kama uchafu. Yeye akauliza umetoka wapi. Jibu lilitolewa mwaka 1993.

Siri imo katika mpangilio. Asidi amino ikwepayo maji hufuatwa na ile iyapendayo, na hizi za pili huwa na chaji, chanya au hasi. Chumvi ikiwepo, mnyororo hushikamana na mwenzake hata ukawa uzi. Nyuzi nazo hufumana kama wavu na kuyazuia maji ndani yake. Kama ilivyo katika neno, viungo vilevile vikipangwa vingine havitoi tena tokeo lilelile.

Peptidi iliyotumika sana baadaye ni RADA16. Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba ni ile rada ya viwanja vya ndege: R, A, D na A ni herufi za kimataifa za asidi amino, nazo zimerudiwa mara nne. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba seli za neva huweza kukua juu ya ute wa namna hii. Mwaka 2006 Rutledge Ellis-Behnke na wenzake waliutia katika njia ya neva za kuonea iliyokatwa ya hamsta, wanyama wadogo wa jamii ya panya, nao wakarudishiwa sehemu ya uoni. Watafiti hao waliona pia kwamba katika wanyama damu ilikoma kwa muda usiofikia sekunde 15.

Kutokana na RADA16, kampuni ya Japani 3-D Matrix ilitengeneza PuraStat, iliyokubaliwa Ulaya mwaka 2014, na Marekani mwaka 2021 kwa damu ya tumbo na utumbo. Ni kimiminika chenye asidi. Kikikutana na damu hugeuka ute angavu, na daktari huendelea kuliona jeraha. Hata hivyo, mshipa mkubwa uliokatika bado wahitaji kufungwa kwa mkono.

Lau mtafiti angetakiwa kwanza aonyeshe faida ya DNA ielekeayo kushoto, hamira ile ingebaki ya mkate tu.