Tarakilishi ya BBC: pesa za umma, watoto wa shule na chipu iliyo mfukoni mwako

Kila serikali inapotangaza mpango wa kupeleka mitambo shuleni au kufadhili vijana wabunifu, swali huwa ni lile lile: pesa hizi zitazaa nini? Wengi hulijibu kisiasa. Mimi leo nataka tulijibu kwa historia. Nawaletea kisa cha Uingereza ambacho naona kila mwandishi wa programu anafaa kukijua. Kilianzia kwenye runinga, kikapita darasani, na leo kimo ndani ya simu unayobeba.

Hofu ya 1978

Mwezi wa Machi 1978, shirika la utangazaji la BBC lilionyesha makala iliyoitwa Now the Chips Are Down. Iliwaeleza Waingereza kwamba kuna kidude kipya, mikroprosesa, ambacho kingefanya kazi za watu wengi viwandani na maofisini. Watu walishtuka, na wanasiasa vilevile. Je, watoto walio shuleni watakuta kazi gani wakimaliza? Na nani atakayewafundisha, ikiwa walimu wenyewe hawajawahi kugusa tarakilishi?

Majibu yalikuja kwa njia tatu. Ya kwanza ni mpango wa serikali ulioitwa Microelectronics Education Programme, uliodumu kuanzia 1980 hadi 1986. Kazi yake ilikuwa kufundisha walimu na kutayarisha masomo. Ya pili ni mradi wa BBC wenyewe wa kuelimisha umma kuhusu tarakilishi, kwa vipindi, vitabu na mashine ambayo mtazamaji angeweza kuinunua na kufuata somo akiwa nyumbani. Ya tatu ni pesa za Wizara ya Viwanda, nitakazozieleza hivi punde.

Ona kwamba vitu vitatu vilienda pamoja: mwalimu, somo na mashine.

Kampuni changa yapata kazi

BBC haikuwa kiwanda, kwa hivyo ilitafuta wa kuitengenezea mashine. Mwanzoni ilitazamia tarakilishi iitwayo NewBrain, lakini mpango huo ukakwama. Mlango ukafunguliwa kwa wengine, wakiwemo Sinclair na kampuni ndogo ya Cambridge iitwayo Acorn, iliyoanzishwa 1978 na Hermann Hauser na Chris Curry.

Mapema mwaka wa 1981 BBC ilisema itakuja kuona Acorn ina nini. Acorn ilikuwa na michoro tu. Hauser alimwendea Steve Furber akamwambia kuwa Sophie Wilson anasema mashine inaweza kuundwa kwa wiki moja. Kisha akamwendea Wilson akamwambia kuwa Furber ndiye aliyesema hivyo. Wote wawili wakakubali! Walifanya kazi usiku na mchana, na siku ya wageni kufika mashine ikawaka. Acorn ikapata kandarasi.

Tarakilishi hiyo, BBC Micro, ilitoka Desemba 1981, na mfululizo wa runinga ukaanza Januari 1982. Ilitumia prosesa ya 6502 kwa kasi ya megahezi 2. Model B ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32. Picha moja ya kawaida uliyopiga kwa simu yako haiwezi kutoshea humo. Waliokuwa wakipiga hesabu walitarajia kuuza takriban mashine 12,000. Mwishowe ziliuzwa zaidi ya milioni moja.

Nusu kwa nusu

Model B ilianza kuuzwa kwa pauni 335, kisha bei ikapanda hadi 399. Hizo hazikuwa pesa ndogo kwa shule. Hapa ndipo serikali ilipoingia. Mwezi wa Aprili 1981, Waziri Mkuu Margaret Thatcher alitangaza kuwa serikali italipa nusu ya bei ya tarakilishi moja kwa kila shule ya upili ambayo haikuwa nayo. Lengo lilikuwa kila shule ya upili iwe na angalau mashine moja kufikia mwisho wa 1982. Shule ilichagua kati ya BBC Micro na 380Z ya kampuni ya Research Machines, zote za Uingereza. Mwaka wa 1982 mpango ukapanuliwa hadi shule za msingi, na Spectrum ya Sinclair ikaongezwa kwenye orodha.

Kumbuka serikali haikuipa Acorn ruzuku ya bure. Ilichofanya ni kuhakikisha kuna mnunuzi. Kwa kampuni changa hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu mnunuzi anadai mashine inayofanya kazi, tena kwa wakati, ilhali ruzuku mara nyingi hudai ripoti tu.

Mpango haukukosa kasoro. Nusu ya pili ililipwa na mamlaka za elimu za mitaa au michango ya wazazi, kwa hivyo shule za maeneo yenye uwezo ziliongeza mashine haraka kuliko nyingine. Tena, mashine moja kwa wanafunzi mamia ni kama sufuria moja kwa kijiji kizima.

Mashine iliyokungoja uiamuru

Kwa maoni yangu, siri kubwa ilikuwa mahali ambapo wengi hawaangalii. Ukiwasha BBC Micro hukukuta picha za kubonyeza. Ulikuta alama ya > ikikungoja useme unataka nini. Mtoto angeweza kuandika:

10 PRINT "HABARI"
20 GOTO 10

Akiandika RUN, kioo kinajaa salamu. Tayari ameandika programu. Lugha hiyo, BBC BASIC, iliandikwa na Sophie Wilson, na ndani yake kulikuwa na njia ya kuingia hadi lugha ya mashine kwa aliyetaka kuchimba zaidi. Nyuma ya mashine kulikuwa na milango ya kuunganisha vifaa vya nje, kwa hivyo mwanafunzi aliweza kupima joto au kuendesha taa na mota.

Kutoka darasani hadi ARM

Pesa za mauzo na uzoefu wa kikosi kile kidogo vilizaa jambo ambalo hakuna waziri aliyelipanga. Mwaka wa 1983 Acorn iliamua kuunda prosesa yake. Wilson na Furber wakabuni ARM, na tarehe 26 Aprili 1985 chipu ya kwanza ikafanya kazi. Ilikuwa na transista 25,000 hivi. Furber alipopima umeme unaotumika, kipimo kilisoma sufuri. Kumbe waya wa umeme haukuwa umeunganishwa, na chipu ilikuwa ikiendeshwa na umeme mdogo uliovuja kutoka kwa sehemu nyingine za ubao!

Acorn yenyewe haikuponea. Mwaka huo huo wa 1985 ilikumbwa na uhaba wa pesa, Olivetti ya Italia ikanunua sehemu kubwa ya hisa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ikavunjwa. Lakini ARM ilikuwa imejitenga 1990, ikiwa na wahandisi 12, kwa ushirikiano na Apple na VLSI. Leo chipu zaidi ya bilioni 250 zimetengenezwa kwa michoro yake. Kila Mkenya anayetuma M-Pesa kwa simu ya Android au iPhone anatumia ukoo wa chipu hiyo.

Walipojisahau

Waingereza nao baadaye walilala. Kufikia miaka ya 2000, somo la tarakilishi katika shule nyingi lilikuwa limegeuka mafunzo ya kuandika barua na kujaza majedwali. Huko Cambridge, Eben Upton na wenzake waliona waombaji wa somo la sayansi ya tarakilishi wakipungua, na waliokuja wakiwa na ujuzi mdogo kuliko waliowatangulia. Jibu lao lilikuwa Raspberry Pi, iliyouzwa kuanzia Februari 2012. Matoleo yake ya kwanza yaliitwa Model A na Model B kwa heshima ya BBC Micro, na prosesa yake ni ya ARM. Mnamo Septemba 2014 Uingereza ikaleta mtaala mpya unaoanza kufundisha kuandika programu tangu shule ya msingi.

Na sisi je?

Kenya ilikuwa na ahadi yake ya 2013: kipakatalishi kwa kila mwanafunzi wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilifutwa, na mpango uliofuata, ulioanza shuleni 2016, ukaleta tableti badala yake. Vyuo vikuu vya JKUAT na Moi vilipewa kandarasi pamoja na kampuni za kigeni, na zaidi ya vifaa milioni moja vikagawanywa. Tusiudharau mpango huo. Ulisukuma umeme hadi shule nyingi ambazo hazikuwa nao, na hilo pekee ni faida. Aprili 2022, taasisi ya mitaala KICD iliidhinisha pia masomo ya kuandika programu yaliyotayarishwa na Kodris Africa.

Lakini tableti iliyojazwa masomo humfanya mtoto awe msomaji wa kazi ya mwingine. Alama ya > ilimfanya awe mwenye kuamuru. Kwa hivyo mpango mwingine ukija, na utakuja, tusiulize tu ni vifaa vingapi. Tuulize mambo matatu. Je, mwalimu amefundishwa kabla ya sanduku kufika? Je, mtoto anaweza kuifanya mashine itende jambo ambalo mtengenezaji hakulifikiria? Na je, kandarasi itaacha hapa nchini kikosi cha wahandisi wanaoweza kubuni mashine inayofuata?

Acorn ilikufa, na BBC Micro zilizobaki ziko kwenye makavazi. Waliojifunza kwazo ndio waliobaki na faida, na ujuzi wao haukuhitaji zabuni nyingine.