Kijana wa Kumi na Moja

Tarehe 8 Julai 1995, ukumbi mkubwa wa michezo wa Edmonton, magharibi mwa Kanada, ulijaa watu ambao hawakuja kutazama mechi. Chini zilipangwa meza, kila meza na viongozi wa klabu moja ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Amerika ya Kaskazini. Majukwaani walikaa vijana wa miaka 18, suti mpya mwilini, wazazi ubavuni, wakisubiri kuitwa majina. Klabu zilichagua kwa zamu. Zamu ya sita ilikuwa ya wenyeji, Edmonton Oilers, na mashabiki walikwishaamua wanamtaka nani. Walipiga kelele kwa pamoja: "Doan! Doan! Doan!"

Shane Doan alikuwa mtoto wa jimbo hilohilo la Alberta, mshambuliaji mwenye mwili na moyo. Majira hayohayo alikuwa ametangazwa mchezaji bora wa Memorial Cup, mashindano makuu ya klabu za vijana nchini humo. Oilers wakamwita Steve Kelly. Ukumbi ukazomea. Winnipeg, waliofuata, wakamchukua Doan. Wa nane, Montreal, wakamchukua Terry Ryan, kijana mgomvi uwanjani aliyefunga magoli 50 msimu ule. Ilipofika zamu ya kumi na moja, Dallas Stars wakamwita kijana mwingine wa timu ileile ya Doan, Kamloops Blazers. Jina lake Jarome Iginla. Alizaliwa Edmonton na kukulia St. Albert, mji unaopakana na Edmonton. Alikuwa ametimiza miaka 18 wiki moja tu kabla.

Alipostaafu, Iginla alikuwa amefunga magoli 625 katika mechi 1,554 za NHL. Kati ya wale kumi walioitwa kabla yake, ni Doan peke yake aliyefikisha nusu ya magoli hayo. Steve Kelly alifunga tisa. Terry Ryan alicheza mechi nane na hakufunga hata moja.

Ni rahisi leo kuwacheka wasaka vipaji wa 1995. Lakini watu hawa walikesha barabarani majira yote ya baridi, mji hadi mji, wakikaa kwenye kona za majukwaa na daftari mapajani. Vijana hao waliwaona kwa macho yao, tena mara nyingi. Kinachonivuta katika kisa hiki ni aina ya mchezaji waliyekuwa wakimtafuta, na ugumu wa kumwona mtu mzima ndani ya mvulana.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu: kila upande una wachezaji sita pamoja na kipa, wote wamevaa viatu vyenye makali ya chuma, wakigombania kisahani cha mpira mgumu kwa magongo. Uwanja umezungushiwa ukuta mfupi, na sheria inaruhusu kumgonga kwa bega mpinzani mwenye kisahani. Wapo washambuliaji wanaoishi kwa mbio na vidole vyepesi. Halafu yuko yule anayeitwa mshambuliaji wa nguvu. Huyu huingia konani, anaponyang'anywa mtu kisahani huku akibanwa ukutani, kisha husimama mbele ya kipa akipigwa magongo ya mgongo na viganja, na bado anatakiwa awe na mikono ya kufunga. Jabali lisilo na mikono lapatikana kila mahali. Mikono isiyo na jabali pia. Vyote viwili katika mwili mmoja ni adimu, ndiyo maana klabu huvitafuta kwa hamu inayopofusha.

Upofu huo ni wa zamani. Mwaka 1943, New York Rangers walimwalika mvulana wa miaka 15 kutoka Saskatoon kwenye kambi yao ya majaribio mjini Winnipeg. Alikuwa mwenye haya, hata vifaa vya kujikinga hakujua vizuri kuvivaa. Akawakumbuka watu wa kwao, akarudi nyumbani, na Rangers wakamwacha aende zake. Mwaka uliofuata Detroit wakamchukua. Mvulana huyo alikuwa Gordie Howe. Aliichezea Detroit misimu 25, akafunga magoli 801 katika NHL, na alipoacha kabisa mwaka 1980 alikuwa na miaka 52. Kila mshambuliaji wa nguvu aliyemfuata amepimwa kwa kipimo chake. Katika siku zile za Winnipeg, Rangers waliona mtoto anayelilia nyumbani, na kweli mtoto huyo alikuwepo. Yule mwingine alikuwa bado hajafika.

Wakati wa Howe, klabu zilifunga mkataba na mvulana moja kwa moja, au zilifadhili timu nzima ya vijana na kuwamiliki waliomo. Aliyewahi ndiye aliyepata. Mwaka 1963 ligi ilianza utaratibu wa kuchagua kwa zamu, na mwaka 1975 ikaunda ofisi yake ya usakaji vipaji, inayowapanga vijana wote kwa orodha ya namba. Tangu hapo kosa la klabu likawa na namba pia. Cam Neely aliitwa wa tisa mwaka 1983, na Vancouver. Misimu mitatu baadaye walichoka kumsubiri. Siku alipotimiza miaka 21, tarehe 6 Juni 1986, walimpeleka Boston pamoja na haki ya kuchagua kijana mmoja katika raundi ya kwanza, wakapewa Barry Pederson. Boston alikua akawa mfano ambao makocha walimtaja kila walipotaka kueleza mshambuliaji wa nguvu ni nani. Msimu wa 1993–94, magoti yakiwa yamekwisha kuharibika, alifunga magoli 50 katika mechi 49 alizocheza. Vancouver walikuwa naye mkononi.

Tatizo la kwanza ni kwamba mwili wa kijana husema uongo. Ligi za vijana za Kanada huwachanganya wavulana wa miaka 16 na wanaume wa miaka 20. Kijana aliyewahi kupevuka huwasukuma wenzake kama milango iliyo wazi, na magoli yake huandikwa sawasawa na ya mwenye akili ya mchezo. Hakuna safu katika takwimu inayosema goli hili lilifungwa na uzito. Miaka ya 1980, mwanasaikolojia Roger Barnsley alikuwa akitazama mechi ya vijana mjini Lethbridge, Alberta, pamoja na familia yake. Mkewe, Paula, alikuwa akipekua kijitabu cha mechi. Akamwonyesha tarehe za kuzaliwa za wachezaji: Januari, Februari, Machi, Januari tena. Kwa kuwa watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, aliyezaliwa Januari anampita wa Desemba kwa karibu mwaka mzima wa mifupa na misuli. Makocha wa watoto wa miaka tisa walikuwa wakichagua ukubwa na kuuita kipaji, na waliochaguliwa wakapewa mazoezi zaidi mpaka kweli wakawa na kipaji. Kufika miaka 17, msaka vipaji huona matokeo ya mchujo ambao hakuufanya yeye.

Mara chache mwili husema kweli, na hapo bei haina mwisho. Eric Lindros, mwenye karibu sentimita 193, alikuwa gumzo la nchi kabla hajawa mtu mzima. Aliikataa klabu ya vijana iliyomchagua mwaka 1989, kisha akawakataa Quebec waliomwita wa kwanza mwaka 1991. Mwaka 1992 Philadelphia walimpata kwa kutoa wachezaji kadhaa, miongoni mwao Peter Forsberg, pamoja na haki za kuchagua vijana na dola milioni 15. Wasaka vipaji walikuwa sahihi juu yake. Alikuwa kila walichosema. Lakini mwili ule ule uliomwezesha kupita katikati ya watu ulimfundisha kupita bila kuinua kichwa, na mapigo ya kichwani yakakata maisha yake ya uchezaji. Ripoti ya kijana wa miaka 16 husema atawafanyia nini wengine. Yeye atafanyiwa nini, haisemi.

Tatizo la pili liko kwenye jicho lenyewe, ambalo hukiona upesi kile ililokwisha kukizoea. Herb Carnegie, mwana wa wahamiaji kutoka Jamaika, alikuwa kati ya wachezaji bora wa ligi za Quebec miaka ya 1940. Mwaka 1948 Rangers walimjaribu, wakampa nafasi katika timu zao ndogo tu, kwa pesa pungufu ya alizokuwa akipata. Akakataa. NHL hakuicheza kamwe. Mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi hiyo, Willie O'Ree, aliingia uwanjani na Boston tarehe 18 Januari 1958, na wa pili hakuonekana mpaka 1974. Kwa miaka kumi na sita, macho yote yale yaliyolipwa kutazama hayakumleta hata mmoja.

Iginla alikulia ndani ya historia hiyo. Baba yake alitoka Nigeria akiitwa Adekunle, akafika Kanada akajiita Elvis, akasomea sheria. Mama yake, Mmarekani, alifundisha muziki. Walitengana mtoto akiwa mdogo, na babu na bibi wa upande wa mama walisaidia kumlea na kumpeleka mazoezini. Watoto wenzake walimuuliza kwa nini anaota NHL wakati weusi hawamo. Alikuwa na jibu: Grant Fuhr, kipa wa Oilers, mtu mweusi mwenye makombe, aliyekuwa akicheza jirani tu na kwao. Iginla mwenyewe alianza akidaka, kama Fuhr. Kwa Kiyoruba, jina la ukoo wake lina maana ya mti mkubwa.

Kamloops alikofika ni mji wa bonde na vilima katika jimbo la British Columbia, na Blazers walikuwa timu bora ya vijana Kanada. Walitwaa Memorial Cup mwaka 1994 na tena 1995. Kucheza timu bora kuna dhambi yake: mtazamaji hajui kama mvulana anawabeba wenzake au anabebwa. Msimu wake wa kwanza alifunga magoli sita. Wa pili, 33, ambayo ni mengi, ila Terry Ryan alikuwa na 50. Hakuwa jitu, kimo chake kilikuwa cha kawaida kwa kazi ile. Na mwaka 1995 tuzo aliyopewa kwenye Memorial Cup ilikuwa ya uungwana uwanjani. Jiweke mahali pa mtu anayetafuta mshambuliaji wa nguvu, mwenye nafasi moja na ajira yake mwenyewe rehani. Ungemchagua mwenye magoli 50 na ngumi, au mwungwana mwenye 33?

Hata waliomchagua hawakumshika. Desemba 1995 Dallas walimtoa kwa Calgary ili kumpata Joe Nieuwendyk, nyota aliyekuwa akigombana na klabu yake juu ya mkataba. Mashabiki wengi wa Calgary waliona wamepoteza nyota na kupewa mtoto wasiyemjua. Mtoto huyo akarudi Kamloops kumaliza msimu. Akafunga magoli 63, na akapewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake, tuzo yenye jina la wachezaji wanne wa Swift Current waliokufa basi la timu lilipotoka kwenye barabara ya barafu tarehe 30 Desemba 1986. Hao nao waliwahi kuandikwa katika daftari za wasaka vipaji.

Dallas hawakupunjwa. Mwaka 1999 Nieuwendyk aliwaletea Kombe la Stanley na kuchaguliwa mchezaji bora wa michuano ya mtoano. Iginla hakulitwaa kombe hilo maishani. Mwaka 2004 aliifikisha Calgary fainali, wakashindwa katika mechi ya saba. Lakini msimu wa 2001–02 alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa magoli 52, mweusi wa kwanza kufanya hivyo, na Februari 2002 alifunga mawili fainali ya Olimpiki, Kanada ikichukua dhahabu. Doan naye alibaki na klabu moja kwa misimu 21. Watu waliopiga kelele jukwaani siku ile walikuwa na jicho, hata kama halikumfikia Iginla.

Ukitaka kuona kile ambacho daftari za 1995 zilikosa nafasi ya kukiandika, tazama sekunde chache za fainali ya Olimpiki ya Vancouver, tarehe 28 Februari 2010. Kanada na Marekani wako sare, muda wa nyongeza. Goli moja linamaliza kila kitu. Kisahani kiko konani. Iginla, mwenye miaka 32, anakipata akiwa amebanwa ukutani, beki mgongoni. Sidney Crosby anamwita kwa sauti. Iginla anaanguka, na akiwa anaanguka anakisukuma kisahani kwenda kulekule sauti ilikotoka. Crosby anafunga. Uwanja mzima unamtazama Crosby, na gongo lake na glavu zake zinaruka hewani. Konani, mtu mmoja amelala kifudifudi juu ya barafu, kazi yake imekwisha, anainua kichwa kuona kama imeingia.